Kitambaa cha Mwalimu Cecil na Watu Wazima Wanaoning'inia

Ethel, Mama Loveness,
Mkunya, Newala.

Kwa Ndugu Silvano,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi.

YAH: OMBI LA KULIFUNGA DARASA LA WATU WAZIMA WANAONING'INIA

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Najua tumelingana umri, lakini hii ni ya cheo.

Nyumbani hatujambo. Mihogo inakauka vizuri juani, na majonzi yanapungua kwa kadiri yanavyotaka yenyewe. Nakuandikia kwa unyenyekevu kabla ya kikao chenu cha Jumamosi, ambacho nasikia kitaamua kama darasa la sarakasi la Mwalimu Dominika liendelee kutumia ukumbi wetu au liondoke. Mimi naomba liondoke. Kwenye onyesho la wanafunzi wake nilikaa kiti cha mbele, na niliyoyaona ni haya.

1. Wanafunzi wenyewe. Nilipoambiwa ni onyesho la wanafunzi, nilitazamia watoto. Walioingia ni Stella mwalimu mkuu, Zabroni mzee wa kanisa, na Pili muuguzi, ambaye kila siku hutukataza kuinua ndoo kwa ajili ya mgongo. Wakavua viatu, wakashika vitambaa virefu vilivyofungwa kwenye kenchi za paa, wakapanda, wakajizungushia miguuni, wakaning'inia kama popo wenye vyeo. Mtoto mmoja, aliyelelewa vizuri, akamwamkia Mwalimu Stella shikamoo. Naye akaitika marahaba, kichwa chini, miguu juu. Naomba kamati itueleze: heshima hiyo ilipanda au ilishuka?

2. Nyuso. Wazee wetu nao walikuwa na watu wa kwenda juu, wale wacheza ngoma wa magongo marefu. Lakini hao huvaa kinyago, ili akianguka, aanguke mtu asiyejulikana. Ni busara kubwa. Zabroni alipokwama katikati, suruali imepanda magotini na kitambaa kimemkaba kiunoni, kila mtu alijua ni Zabroni. Bwanali, ambaye ni mtani wa ukoo wa marehemu mume wangu na kwa hiyo hana breki, akasimama akapaza sauti: “Msimtikise jamani! Korosho iliyoiva hudondoka yenyewe!” Zabroni, badala ya kunyamaza kama mzee wa kanisa, akajibu huko huko juu: “Basi kaa hapo chini, Bwanali, uniokote!” Ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba, na naliandika hapa kama madhara.

3. Mahali tulipo. Sisi watu wa Newala tunaishi ukingoni mwa Shimo la Mungu, lile bonde ambalo uwanda wetu unakatikia ghafla. Mtu wa hapa anayetaka kuanguka ana pa kuangukia tangu dunia iumbwe. Hana haja ya kupanda kwanza. Bibi zetu walishuka na kupanda mteremko ule na mitungi kichwani wakifuata maji, na hakuna aliyewapigia makofi. Leo maji yanakuja bombani, siku yanapojisikia, na watu wamebakiwa na nguvu za kuchezea. Tukiwaachia, kesho vikao vya kijiji vitafanyika hewani, na sisi tusioweza kupanda tutakaa chini tukitazama nyayo zilizonyooshwa kuunga mkono hoja. Ingawa, nisamehe, yapo maamuzi ya kamati yako ambayo yanaonekana yalipitishwa damu ikiwa tayari imeteremkia kichwani.

4. Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mume wangu, Mwalimu Cecil, alijiunga na darasa hili alipostaafu. Unakumbuka alivyokuwa: hakupita kwenye umande bila kukunja suruali, na miwani aliilaza ndani ya kiatu cha kushoto ili asiisahau. Alikuwa akirudi kutoka mazoezini amechubuka nyuma ya goti, pale panapobanwa na kitambaa, nami nampaka mafuta ya nazi huku nikimwambia, mzee mzima huna haya. Anasema, “Taratibu, Mama Loveness, hilo ni goti la msanii.”

Homa ilimchukua wakati wa masika, kabla ya onyesho.

Siku ya onyesho walikiacha kitambaa chake cha buluu kikining'inia katikati. Kila mwanafunzi alipita, akakigusa, na hakuna aliyekipanda. Hata Bwanali alikaa chini. Upepo wa dirishani ukakisogeza kidogo. Watu wakalia, wakasema ni heshima.

Ndugu Mwenyekiti, hiyo si heshima, ni kosa. Siku ya kuondoa tanga tuligawa vitu vyake kama inavyotakiwa. Koti alichukua mdogo wake Silvesta. Jembe lilikwenda kwa mpwa wake Trevor. Kofia aliinyakua Bwanali kwa haki ya utani, na anaivaa upande makusudi ili nimgombeze. Kitu cha marehemu hakiachwi bila mtu. Koti lile sasa linakwenda mnadani, linanyeshewa, linamwagikiwa chai. Kitambaa peke yake ndicho kisicho na mrithi, kimesimama ukumbini kama mgeni ambaye hakuna aliyempa kiti. Kwa hiyo naomba darasa lifungwe, kitambaa kifunguliwe, niletewe nyumbani. Nitakishona mapazia, mambo yaishe.

Wasalimie wote hapo kwako, mama watoto, majirani, wajumbe wa kamati hata wale wanaosinzia, na mbuzi wako, ambao nasikia banda lao limependeza.

Mimi, niliye na miguu yote miwili chini,
Ethel, Mama Loveness.

Nyongeza: Barua hii ilichelewa mezani kwa sababu jana nilikwenda kukifungua kitambaa mwenyewe, nikupunguzie kazi. Fundo liko juu kwenye kenchi. Cecil alilifunga kwa mkono wake. Ngazi ya ukumbi haikuwapo, kwa kuwa iko kwako tangu ulipoezeka banda la mbuzi. Mwalimu Dominika akasema njia iliyobaki ya kulifikia ni kupanda kitambaa chenyewe, akanionyesha pa kuweka mguu. Nilifika usawa wa dirisha. Bwanali alikuwa chini na ile kofia, akipiga kelele: “Mwacheni Mama Loveness, hajaiva huyo!” Nyuma ya goti pamechubuka. Nimepaka mafuta ya nazi. Naomba Jumamosi msilifunge darasa mpaka nilifikie lile fundo. Na ngazi, tafadhali, usiirudishe.