Babu wa Kuazima

Jumamosi, 8 Machi

Leo mtaa wa Fedha, kwa kina Ndunge, kumposa. Suti ya marehemu baba, viatu vyangu mwenyewe, mkate na sukari mkononi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba yake, Mzee Nyamai, alipoweka kikombe chini na kuniuliza mimi ni wa nani. Nikamjibu Nzivo wa Mbaluka. Mbaluka wa nani? Wa Kimeu. Kimeu wa nani? Nikakohoa. Nikaomba maji. Nikayanywa yote, na nilipomaliza bado alikuwa ananingoja.

Basi akauliza ukoo. Nikasema ni ukoo mkubwa. Mama Ndunge akaangalia dari.

Mzee alikuwa karani wa reli na hapendi pengo popote. Akanieleza, bila hasira, kwamba hawezi kupokea mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua uchumba, kutoka kwa mtu asiyejua ukoo wake. Huenda mimi na Ndunge ni ndugu. Wakamba wa ukoo mmoja hawaoani, hata wakikutana Embakasi. Nirudi Jumamosi na babu zangu, na mzee wa kunisemea.

Ndunge alinisindikiza hadi langoni. Hakucheka, na yeye hucheka kila kitu. Nampenda huyu binti kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote. Naliandika hilo hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Lakini sina wasiwasi. Mimi ni broka wa nyumba. Chumba kisicho na dirisha nakiita kitulivu, na kinapata mpangaji. Nitashindwaje kupata babu mmoja?

Jumapili, 9 Machi

Nimepekua sanduku la baba hapa Ziwani. Baba alikuwa dereva na hakupenda maneno. Aliyekuwa akiongea nyumbani kwetu ni redio. Nimepata leseni yake, funguo za gari ambalo hatukuwahi kuwa nalo, na picha ya babu Kimeu kando ya vinyago alivyochonga, pamoja na watu. Nyuma imeandikwa "Kimeu na wengine". Wengine! Huenda hao ndio ukoo wangu mzima.

Nikaandika "Kimeu" kwenye simu. Ikaniletea duka la matangi ya maji.

Jirani yangu Phares Aloo, karani mstaafu wa jiji, alinikuta na sanduku mlangoni. Nikamweleza shida yangu. Kosa! Alianza kunitajia babu zake wa huko Nyanza, mmoja baada ya mwingine, bila kuvuta pumzi, mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akaniuliza, kwa huruma ya uongo, mimi ninao wangapi. Nikasema mmoja na picha.

Jumatatu, 10 Machi

Mtaa wa Huruma, ghorofa ya juu kabisa, kwa Shangazi Kaluki. Ni dada ya baba na anajua kila kitu cha ukoo huu. Tatizo ni kwamba hatuongei tangu tumzike baba. Katika programu ya mazishi, ambayo niliitayarisha mimi, jina lake lilikosekana kati ya ndugu wa marehemu, na mahali pake pakawa na jina la mpiga picha. Kosa la mchapishaji. Nilimpa karatasi zote. Kuzipanga ilikuwa kazi yake.

Shangazi alifungua mlango wa mbao lakini ule wa nondo akauacha umefungwa. Nikamweleza kupitia kwenye nondo kwamba nimekuja kuuliza habari za ukoo.

"Kamuulize mpiga picha," akasema. "Si yeye ndiye dada ya baba yako?"

Nikashuka ngazi zote zile kwa miguu yangu. Mwanamke ana kinyongo! Kuna watu hawawezi kabisa kusamehe jambo dogo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata mpango, tena bora.

Nilikuwa napita kanisani hapa karibu. Gari la maiti nje, maua, spika mbili. Nikasikia wasifu wa marehemu ukisomwa, majina yote ya Kikamba. Hapo akili ikafunguka. Ni wapi pengine babu hutajwa bure, kwa mpangilio, kwa sauti kubwa? Nikaingia, nikakaa nyuma, nikainamisha kichwa kama mfiwa.

Marehemu alikuwa Mzee Muoki wa Huruma, mwana wa Kithuku, mwana wa Masila, ukoo wa Atangwa. Na Kithuku huyo hakuwa babu wa hivi hivi. Alikuwa mchezaji ngoma hodari. Siku moja aliruka juu mno, akaanguka, akachechemea maisha yake yote. Kisha akaenda Kisumu kufanya kazi ya reli na hakurudi kwao tena. Babu mzuri namna hiyo, na watu wenyewe hatujuani hata kidogo! Nimewaona ni wapole. Mmoja alinipa soda na pole.

Kuanzia leo babu yangu Kimeu ni mwana wa Kithuku. Marehemu Muoki hawezi kukataa kupata ndugu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwomba Aloo awe mzee wangu Jumamosi. Si Mkamba, lakini ana koti na sauti. Amekubali haraka kuliko nilivyopenda.

Alinifanyisha mazoezi uani, mbele ya nguo zilizoanikwa. Akasema nataja babu kama mtu anayesoma bili ya maji. Kwamba anayejua babu zake hawafikirii, wanatoka wenyewe. Nikarudia na kurudia. Kufikia jioni nilikuwa naamini mwenyewe, hata nikamhurumia Kithuku na mguu wake.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilitaja vizuri. Nzivo wa Mbaluka, wa Kimeu, wa Kithuku, wa Masila, Atangwa. Bila kukohoa. Mzee Nyamai akasimama. Nikadhani ameridhika, nikaongeza ngoma na ule mguu. Aloo naye, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema ulikuwa mguu wa kushoto.

"Wa kushoto," akasema Mzee Nyamai. Akakaa tena na kuvua miwani. "Masila ni babu yangu. Kithuku ni ndugu ya baba. Baba alikufa akimtafuta."

Akanikumbatia. Mzee mzima analia kwenye bega la suti ya baba! Mama Ndunge akapiga vigelegele. Mimi nami nikapiga makofi, kabla sijaelewa. Ndipo nikamwona Ndunge mlangoni ameshika trei ya vikombe. Nilipouona uso wake nikaelewa. Ukoo mmoja. Babu mmoja. Kaka na dada. Hakuna tena mbuzi wa ntheo, kwa maana nitawapeleka nyumbani kwetu wenyewe.

Njiani Aloo akaniambia kwamba, tukiacha hilo, leo nilitaja kama mtu mwenye babu.

Jumapili, 16 Machi

Ujumbe wa Ndunge asubuhi: "Niaje bro. Mathe anauliza kama unakula matumbo."

Bro!

Mchana, kwao, mbuzi alichinjwa kwa ajili yangu, mwana aliyepatikana. Nilikula. Ningekataaje? Mama Ndunge akaahidi kunitafutia mke mzuri kanisani kwao. Mzee akanipeleka kwenye picha za ukoo ukutani na kunionyesha nafasi tupu katikati. Baba yake ndiye aliyeiacha, kwa ajili ya Kithuku, na mpaka leo hawajathubutu kutundika kitu hapo. Akaomba nimletee picha ya Kimeu. Alikuwa anaishika ile nafasi kwa vidole, taratibu.

Nilijisikia vibaya sana. Kisha zikaletwa figo.

Jumanne, 18 Machi

Mpango mpya: wanifukuze kwenye ukoo.

Mzee aliniita jioni tuzungumze mambo ya familia. Nikachelewa kwa makusudi. Sikunyoa ndevu. Nikapinga kila alilosema, hata la hali ya hewa. Mzee akafurahi mno. Akasema Masila mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, hata chifu alimkwepa. Nikajilaza kwenye kochi na viatu vyangu. Mama Ndunge akanifunika shuka.

Ndunge akanivuta jikoni. Nikamweleza yote: kanisa, spika, soda. Nilitegemea acheke.

"Ulitaka babu, umepata babu," akasema. "Sasa mimi ulinitakia nini, Nzivo?"

Akasema nimwambie baba yake ukweli kufikia Jumamosi, la sivyo atamwambia yeye, na baada ya hapo nisimpigie simu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimeogopa kweli. Sijawahi kumwona hivyo, na sitaki kumwona hivyo tena.

Alhamisi, 20 Machi

Kuungama peke yangu ni hatari. Mwongo aliyeungama bado hana babu. Lazima nipate ukoo wa kweli wa kwenda nao, na aliye nao ni Shangazi.

Sikumwomba msamaha, kwa kuwa kosa lilikuwa la mchapishaji. Nikaenda kwa mchapishaji yuleyule, nikamwambia achapishe upya programu ya mazishi ya baba, nakala moja tu. Jina la Kaluki la kwanza kati ya ndugu, kwa herufi nene. Na picha yake juu, katikati, kubwa. Baba nimemweka chini kidogo.

Shangazi aliipokea kupitia kwenye nondo. Akaigeuza huku na huku. Akasema nimemfanya aonekane ndiye aliyekufa. Lakini alikuwa anatabasamu, na mlango wa nondo ukafunguliwa.

Nilipomweleza jambo la Mzee Nyamai, tabasamu likaisha. Hakuniambia lolote kuhusu ukoo. Akasema atalisema mbele ya wenye nyumba, asije akarudia mara mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Fedha. Shangazi Kaluki katika kitenge chake cha kanisani. Aloo tumemwacha Ziwani.

Nilisema mwenyewe. Niliangalia kiatu changu na kusema kwamba Kithuku si wangu, nilimchukua kwenye mazishi ya watu. Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wapige kelele. Mzee Nyamai alizidi kuwa mdogo kwenye kiti chake, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Shangazi akaniokoa, au akanimaliza, bado sijui. Akasema mimi natafuta babu ambaye hayupo. Mama yake Kimeu aliitwa Nthoki. Hakuolewa. Alimzaa Kimeu kwao na kumlea kwao, akauza kamba za mkonge alizosokota mwenyewe, akampeleka mtoto kwa wachonga vinyago apate kazi ya mikono. Kwa mila, mtoto kama huyo ni wa ukoo wa baba ya mama yake. Sisi ni Aombe. Baba yangu alijua, akaona haya, akanyamaza.

"Hakuna babu aliyepotea hapo," akasema Shangazi. "Kuna nyanya mliyemficha."

Nilikuwa nimempita huyo mama kana kwamba hakuwahi kuishi. Aombe na Atangwa wanaoana, Mama Ndunge akanong'ona, lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe.

Mzee akaniuliza swali moja tu. Wale wa mazishi, wanaishi wapi? Nikasema Huruma. Msomaji wa wasifu alitaja hata jina la jengo, si mbali na kwa Shangazi.

"Basi wapo," akasema. Akasimama akatafuta kofia yake.

Tukaenda sote. Watoto wa marehemu Muoki walikuwa ndio wamerudi kutoka Ukambani, kwenye shamba alilonunua mwenyewe na walikomzika, bado na vumbi kwenye viatu. Mzee alitaja babu zake mlangoni, nao wakataja wao, wakakutana kwa Masila. Sijawahi kusikia watu wazima wakilia kwa furaha namna ile. Mmoja wao alinitambua, akaniuliza kama ile soda ilikuwa baridi.

Jumapili, 23 Machi

Nimesamehewa, sehemu kubwa. Nafasi ya ukutani itapata picha ya Kithuku mwenyewe, ambayo watoto wa Muoki wanayo. Mbuzi niliyemla nitamlipa pamoja na wale wa ntheo, baada ya Pasaka. Ndunge amenipigia simu na kuniita kwa jina langu. Akacheka! Nimezunguka chumba mara kadhaa bila sababu. Ukifikiria vizuri, bila mpango wangu Mzee asingempata ndugu yake. Nimemwambia Aloo hivyo. Akafunga mlango.

Kumebaki jambo dogo. Mama Ndunge anataka kujua upande wa mama yangu, nyanya zake wote. Kwao, watoto waliotoka kwa wanawake wa nyumba moja nao ni ndugu, hawaoani, na hataki kusikia kitu siku ya ntheo.

Shangazi anasema nimpigie tu Mjomba wa kule Kangundo, simu moja, anawajua wote. Lakini Mjomba huongea sana, na ukweli haujawahi kunichinjia mbuzi. Nimeshamtunga nyanya mwenyewe: mfumaji wa vyondo, mcha Mungu, sauti nzuri kanisani. Na ili Mama Ndunge afurahi kabisa, nimemfanya mzaliwa wa nyumba yao hao hao.