Mimi na Shujaa Asiye na Jina

Jumamosi, 8 Februari

Hili sijamwambia mtu: ile alama nyekundu kwenye jiwe la shujaa, lile la kale lililochongwa mpiganaji, ukumbi wa kati, nimeiweka mimi. Kwa kidole hiki. Kumkum ya mama, ule unga mwekundu wa kikopo cha shaba anaojipaka kwenye paji akimaliza kusali. Alama ndogo tu, kama punje ya ufuta.

Nisihukumiwe haraka. Profesa Doddamani, mkuu wa makumbusho ya chuo kikuu, ametuchagua wawili wa darasa la kumi kutembeza wageni: mimi na Pavitra Angadi. Wiki ijayo ukumbi mpya wa sanamu za shaba unafunguliwa, na mmoja wetu atamtembeza mgeni rasmi. Mmoja! Pavitra ana sauti ya muuza vitunguu. Mimi nina lugha mbili, Kikannada cha nyumbani na Kiingereza cha shule, na sauti isiyotosha hata lugha moja. Jumamosi iliyopita nilianza na kundi zima. Nilipofika kwenye sanamu za dini ya Kijaini nilibaki na mzee mmoja. Kumbe na yeye alikuwa anasubiri basi.

Basi leo mama mmoja akaiona alama. Akavua ndala, akaunganisha viganja. Wote nyuma yake wakavua. Wakaniuliza shujaa huyu ni nani. Maandishi yamemeguka palepale penye jina. Macho yote yakanitazama mdomoni. Nikasikia mtu anasema kwamba huyu huwasaidia wanaoogopa mitihani.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Hakuna aliyeondoka. Hata mmoja! Jioni nimekula mikate ya mtama mpaka mama akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 9 Februari

Wamerudi na watoto wao! Mitihani ya taifa ni mwezi ujao na mji mzima una homa. Kila mmoja kaweka kadi yake ya mtihani miguuni pa shujaa, na kalamu juu yake, kama wanavyofanya hekaluni. Nami nimesimama kando na beji yangu kifuani. Nilijiona mrefu.

Pavitra alikuja kunichokoza. Akauliza, "Sinchana mpenzi, jiwe lako limeanza lini kusahihisha karatasi?" Nilikuwa na jibu kali sana. Lilinijia nikiwa bafuni, yeye keshafika kwao.

Jumanne, 11 Februari

Nazi! Mtu kapasua nazi kwenye ngazi za makumbusho! Mwingine kammiminia shujaa mafuta ya ufuta. Viatu mlangoni ni mlima, na mlinzi, Mzee Fakirappa, kapoteza chake kimoja humo.

Profesa alitoka ofisini uso mwekundu kama pilipili kavu. Mafuta kwenye jiwe la miaka mia nane! Akataka kujua nani kayaanzisha haya. Nilitazama dari. Tuna dari nzuri sana, sikuwahi kugundua.

Akazungushia jiwe kamba na kuweka kibao: USIGUSE. Kosa kubwa, ila nani atamwambia profesa? Jiwe lenye kamba ni takatifu maradufu. Mchana foleni ilifika getini.

Kisha akatuita mimi na Pavitra. Akasema akiona tone jingine la mafuta, ziara za wanafunzi zimekwisha, na mgeni rasmi atamtembeza mwenyewe. Pavitra alinitazama kama mtu anayepima shingo ya kuku.

Alhamisi, 13 Februari

Nina akili. Naandika hili kwa unyenyekevu.

Nimewaambia wageni kwamba shujaa hapendi mafuta, nazi wala maua. Anachotaka ni mtu azunguke kumbi zote, shujaa akiwa mkono wake wa kulia, kama tunavyozunguka hekaluni, na asikilize maelezo yote njiani. Anayepiga soga, hesabu zitamkimbia.

Wakazunguka! Wakasikiliza habari za sarafu! Tangu makumbusho yajengwe hakuna binadamu aliyesikiliza habari za sarafu. Kina mama waliitikia majina ya wafalme nyuma yangu kama wanaimba. Kundi la Pavitra lilimkimbia katikati ya sentensi, akabaki anaielezea feni. Sauti yangu bado ndogo, lakini sasa watu wananyamaza ili waisikie!

Profesa alisimama mlangoni muda mrefu. Jiwe kavu, kumbi zimejaa. Akasema, mbele ya Pavitra kabisa, "Binti, Jumapili ni wewe."

Jumamosi, 15 Februari

Mama kauliza kuhusu hesabu. Nimemwambia naendelea vizuri. Sikusema na nini.

Jumapili, 16 Februari

Mgeni rasmi ni jaji mstaafu, mwenye masharubu ya kuogopesha. Nilimlaki. Sikuzimia. Nikamwelekeza kwenye utepe.

Utepe uko kulia mwa mlango. Ukumbi mpya uko kulia. Anayezunguka shujaa sawasawa huanzia kushoto. Hili lilinipita.

Watu wakaziba njia. Mama mmoja mwenye sari ya kijani akamwambia jaji, "Baba, huko ni mwisho! Anza huku. Mwanangu ana hesabu mwezi ujao, usimletee mkosi." Wakamshika kiwiko. Profesa akabaki kwenye utepe na mkasi juu ya sinia.

Basi nikamtembeza jaji kumbi zote, pamoja na sarafu. Tuliporudi kwa shujaa akavua viatu, akatoa mfukoni kadi ya mjukuu wake. Akaona namwangalia. Akanong'ona, "Kwa usalama tu, binti."

Hapo Profesa akatufikia, anahema. Akauliza kwa sauti nani kawaambia watu haya. Vidole vyote vikanielekea, kwa upendo. Akaniamuru niwasomee maandishi, neno kwa neno.

Nikawasomea. Sijui sauti ile nilikuwa nimeificha wapi, maana ilifika getini. Kwamba mtu huyu alikufa akiwarudisha ng'ombe wa kijiji kutoka kwa wezi. Kwamba jina lake limemeguka. Nikaongeza, kwa kuwa mdomo ulishafunguka, kwamba habari za mitihani nimezibuni mimi, na alama nyekundu ni yangu.

Nilingoja kupigwa na ndala.

Yule wa sari ya kijani akasonya. "Aliyekufa kwa ajili ya ng'ombe wa jirani atashindwa na hesabu za mwanangu? Toka hapo njiani, Profesa, tunazunguka."

Wakazunguka! Jaji alikata utepe mwisho kabisa, huku akiniomba nirudie pale pa ng'ombe.

Profesa alinivua beji baada ya chai. Mpaka mitihani iishe niko stoo, napiga brashi vigae vya vyungu. Ziara zote ni za Pavitra. Nilimchungulia: anaanzia kushoto. Ananiiga!

Jumanne, 18 Februari

Stoo. Vigae. Vumbi. Mgeni hata wa dawa hakuna.

Mtu mwingine angejifunza kunyamaza. Mimi nimemwapisha Mzee Fakirappa asimwambie mtu yeyote, halafu nikamnong'oneza kwamba stoo kuna chungu kimoja ambacho Profesa amekataza kisionwe na jicho la mtu. Mzee Fakirappa ana dada wanne na rafiki mwenye kibanda cha chai. Nakadiria foleni itaanza Jumamosi. Nitahitaji beji mpya. Kubwa zaidi.

Nyayo kwenye ngazi za kwetu nyumbani. Ni za mama. Hapana, ni nyingi mno kuwa za mama. Mwanamke anauliza kwa sauti ya chini kama hapa ndipo anapokaa yule binti wa chungu.

Jumanne tu, na wameshafika! Ngoja niifiche hii chini ya godo—