Kasri la Waminoa, Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Novemba

Posa yangu imefika kwa kina Kuruthum. Imepokelewa vizuri, ila baba yake, Mzee Amour, Mzanzibari aliyekulia hapa hapa Dubai, kauliza kazi yangu. Nikajibu kuwa mimi ni mtaalamu wa mambo ya kale. Nachimbua kasri la Waminoa, watu wa kisiwa cha Krete, zaidi ya miaka elfu tatu nyuma.

Uongo? Hata kidogo. Kasri lipo, ghorofa ya pili ya jengo la maduka, kati ya viatu vya michezo na aiskrimu. Asubuhi nafukia vyungu vya plasta mchangani. Watoto wanakata tiketi, wanavifukua, wanapiga picha. Jioni navikusanya. Nani amechimba Krete mara nyingi kuliko mimi?

Jumanne, 4 Novemba

Balaa. Mzee Amour hatoi jibu kabla ya kumuulizia kijana, ndiyo desturi yao. Wengine huulizia msikitini. Yeye anataka kuja kazini kwangu kesho, pamoja na dada yake, Shangazi Maram.

Nampenda Kuruthum, hilo ni kweli tupu. Siwezi kumkosa kwa sababu ya mchanga. Kwa hiyo lazima nionekane nikifukua kitu cha zamani hasa, maana vyungu vyetu vyote vina mhuri wa kiwanda chini. Abdulbasit anacho. Huyu tunalala chumba kimoja mtaa wa Al Muraqqabat na kazi tunafanya pamoja: mimi mchanga, yeye anavaa vazi la fahali wa Waminoa na kupigwa picha na wageni. Kazi ya kuvaa pembe, lakini anavyoringa! Ana chetezo cha udongo cha kufukizia udi, alichoachiwa na bibi yake Lamu, chenye ufa wa kuheshimika. Sikuona haja ya kumwomba, alikuwa anaoga. Nimekipaka chai ya rangi kukiongezea karne.

Jumatano, 5 Novemba

Niliazima kofia pana ya mwongoza wageni. Wageni wakafika. Nikawaeleza njia za kasri zinavyozunguka, ghala za mafuta ya zeituni, vijana waliokuwa wakiruka juu ya mafahali. Mzee Amour akawa anaitikia kwa kichwa. Nikapiga magoti, brashi mkononi, polepole, nikatoa chombo. Nikanong'ona kuwa hakijaguswa na mkono wa mtu tangu Krete iungue.

Shangazi Maram akakichukua, akakinusa. Akasema huu udi, tena wa juzi. Akauliza hao Waminoa walikuwa wakifukiza nguo zao kwa Ijumaa ipi.

Nikamwambia walifanya biashara nchi za mbali. Ningeokoka. Ila fahali akaja mbio, na kutoka ndani ya pua yake ikasikika sauti ya Lamu ikiniuliza chetezo cha bibi yake kimefikaje mchangani. Mtoto mmoja akaanza kulia. Madam wetu, msimamizi wa kasri, akatokea: yalla, haraka, rudisha kofia, zoa huo mchanga uliomwagika. Nikazoa. Mzee Amour alisimama akinitazama mpaka nikamaliza.

Alhamisi, 6 Novemba

Abdulbasit hasemi na mimi. Amelala na chetezo kifuani.

Kuruthum kapiga simu. Nikajua khalas, yamekwisha. Kumbe baba yake kacheka njia nzima. Anasema yeye mwenyewe alianza kwa kuosha magari Deira, kuzoa mchanga si aibu. Posa ingali ipo. Sharti ni moja: kesho baada ya sala ya Ijumaa nikale kwao, na mbele ya ami zake niseme kwa mdomo wangu kazi yangu ni ipi. Kuruthum mwenyewe atakuwa nyuma ya pazia, anasikiliza. Akaniomba sana nisiongeze kitu.

Nimelia kidogo, kwa furaha. Kisha nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nafukia vyungu, watoto wanavifukua. Kitu rahisi kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba

Biriani ya kuku, achari ya embe, ami wote wametulia. Mzee Amour akaniuliza kwa upole. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Bahati mbaya alikuwepo Musab, binamu wa Kuruthum, mtu wa benki, aliyevaa ile suti yake ya kijivu hata siku ya Ijumaa. Akatabasamu. Nikajisikia nikisema kwamba kuzoa nazoa, lakini ni kwa muda tu, kwani wataalamu wa Misri wamenisihi niende nikawasaidie piramidi moja iliyowashinda. Musab akauliza ipi. Nikasema bado ni siri.

Nyuma ya pazia mlango ukafungwa taratibu.

Mzee Amour akanawa mikono. Shangazi Maram mwenyewe kaniletea viatu vyangu, akanishikia na mlango. Heshima kama hiyo hapewi mtu aliyekataliwa. Kesho natafuta Mmisri wa kunithibitishia. Simu ya Kuruthum imezimwa tangu alasiri. Haya za bibi harusi tu.