Kaseti Ishirini na Mbili za Mjomba

Jumapili, 8 Machi

Mjomba anagawa kompyuta yake ya ujana! Ile nene kama tofali, inayochomekwa kwenye televisheni. Siku hizi yeye ni fundi friji na hana muda nayo. Sharti ni moja. Michezo yake yote imo kwenye kaseti, na kaseti zimeanza kuchoka. Niihamishie kwenye diski, yote ishirini na miwili, kabla ya Jumamosi. Nikiweza, kompyuta ni yangu. Nikishindwa, inakwenda kwa binamu.

Binamu! Binti wa mama mkubwa, anayesalimia watu wazima bila kutazama viatu vyake. Wageni hulikumbuka jina lake hadi mwaka unaofuata. Mimi huniita "yule mwingine".

Nimebeba kila kitu kwa mikono yangu hadi chumbani. Hakuna aliyenisaidia. Nitalikumbuka hilo.

Jumatatu, 9 Machi

Nimetoka shule na kuanza saa ile ile. Redio kaseti inaunganishwa na kompyuta kwa waya. Unabonyeza, kisha unasubiri dakika kumi na moja huku kaseti ikilia kama bata aliyekanyagwa. Sauti ikiwa tano, kompyuta haisikii. Ikiwa saba, inakasirika. Sita kasoro, basi inakubali, ila usipumue karibu.

Nimeshindwa mara nne. Mama akachungulia, akauliza kama ndiyo masomo hayo. Nikamwambia ni teknolojia. Akasema teknolojia hiyo inamuumiza kichwa, na vyombo haviko mbali.

Mara ya tano, chombo cha anga kikajitokeza kwenye televisheni, na jina la mchezo kwa rangi nne. Nikahifadhi kwenye diski. Mmoja! Bado ishirini na mmoja, pamoja na jaribio la biolojia Ijumaa kuhusu figo.

Jumanne, 10 Machi

Nimegundua njia. Kumbe si lazima kusubiri mchezo uishe kuingia. Picha ya mwanzo ikitokea tu, hifadhi, andika jina kwenye diski, chukua kaseti nyingine. Leo saba! Nimeanza pia daftari la orodha, kila mchezo na maelezo yake kwa wino wa buluu. Orodha ni nzuri kuliko michezo yenyewe.

Halafu binamu akaja. Eti amepita tu. Hakuna anayepita tu kwenye nyumba iliyo mwisho wa njia. Akaketi kitandani kwangu, akasifu mwandiko wangu (hila), akaniuliza kama nimecheza hata mmoja mpaka hatua ya pili. Nikasema mimi ni mhifadhi, sina muda wa kucheza. "Haya, mhifadhi," akasema, "ila kaseti za Mjomba zina upande wa pili. Usiseme sikukwambia." Kisha akaomba kaseti tano akajitengenezee nakala zake kwa rafiki yake mwenye mashine kama hii.

Sasa nimemwelewa. Kumbe ndiyo maana ya yote hayo. Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria.

Jumatano, 11 Machi

Kama binamu anaweza kunakili kaseti, diski zangu ni bure tu. Kwa hiyo kila kaseti niliyomaliza, naifuta. Pande zote mbili. Atakayetaka mchezo atabisha mlango wangu, na atatumia jina langu.

Redio kaseti haina kitufe cha kufuta. Lazima urekodi kitu juu yake. Nami nina jaribio Ijumaa! Nikafunga mlango, nikasoma mada ya figo kwa sauti. Mwalimu wa biolojia husema sauti yangu haifiki dawati la pili. Kwenye kaseti inafika vizuri sana.

Mdogo wangu akabisha, akauliza naongea na nani. Nikasema na wasomi. Akaenda kumwambia Mama kuwa nimepata marafiki. Mama akafurahi mno. Inaumiza.

Alhamisi, 12 Machi

Ishirini na moja tayari, zimefutwa zote. Nimesoma figo mpaka naziota.

Imebaki moja. Haina jalada, ina maandishi ya penseli tu: MAMA NA KUKU. Mchezo wa hovyo. Picha ya mwanamke wa vibokisi, kikapu kichwani, basi. Yaonekana umetengenezwa na mtoto. Nikahifadhi picha, nikafuta pande zote mbili. Figo, mara ya arobaini na nne.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepata kumi na tisa kwa ishirini. Mwalimu akataka nisome jibu langu mbele ya darasa. Sauti haikutoka. Nilipaswa kuja na redio.

Jumamosi, 14 Machi



Sebuleni kwa Mjomba walikuwepo wote: Mama, mama mkubwa, binamu, na Bibi, mama yake Mjomba, ambaye hatoki nyumbani kwake siku hizi kwa sababu ya magoti. Alikuwa amevaa miwani mpya. Nikashangaa.

Mjomba akasema tuanze na ule wa penseli. Akasimulia, huku akimshika Bibi bega, kwamba aliutengeneza mwenyewe akiwa na umri wangu, likizo mbili nzima, mstari kwa mstari. Mwanamke wa vibokisi ni Bibi. Anafukuza kuku kumi na wawili, na kila kuku ana tabia yake. Bibi hajawahi kuuona, kwani siku zile televisheni ilikuwa ya jirani.

Nikaweka diski. Picha ikatokea. Bibi akapiga makofi: "Nilikuwa mwembamba hivyo!"

Kisha maandishi: WEKA KASETI UPANDE WA PILI.

Mjomba akacheka, akasema ndivyo ilivyokuwa, mashine ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Akaweka kaseti, akabonyeza. Tukangoja. Hakuna. Akaongeza sauti. Hakuna. Akachomoa waya ili asikilize kulikoni.

"Figo," nikasema mimi, ndani ya redio, kwa sauti kubwa na safi, "ni viungo viwili vyenye umbo la haragwe."

Mjomba akajaribu kaseti ya pili. Haragwe. Ya tatu. Haragwe. Michezo yote kwenye diski ilisimama mlangoni na kuomba upande wa pili. Binamu hakucheka. Heri angecheka.

Bibi bado alikuwa anatazama televisheni. "Sasa kuku wangu wako wapi?" akauliza.

Mjomba akakunja waya polepole, akaniambia nimesoma vizuri. Hakunipigia kelele. Kompyuta ikaondoka na binamu, kwenye mto, kama mtoto mchanga.

Jumapili, 15 Machi

Nimetafakari kwa makini. Kosa lilikuwa la mashine. Kumbukumbu ndogo! Mtu makini angelaumiwaje kwa hilo?

Mama ameniamuru nikamwombe Bibi radhi. Nimekwenda. Bibi hana kinyongo. Akanionyesha bahasha ya picha zake za zamani: harusi yake, Mjomba akiwa mchanga, na babu akiwa kijana, picha ya pekee. Zinaanza kufifia, akasema. Binamu amejitolea kuzipiga picha kwa simu wiki ijayo.

Binamu tena!

Nimeomba bahasha niende nayo. Bibi amenipa. Picha ni rahisi, hazina upande wa pili. Nitazipiga zote jioni hii kwa simu ya Mama, halafu nizichome za karatasi nyuma ya nyumba, binamu asije akapata hata moja. Simu imepasuka kioo na nafasi imekaribia kujaa, lakini safari hii sina haraka. Nitakagua kwanza kama zimetoka.

Angalau ile ya juu.