Ombi la Kufutwa Kwenye Orodha ya Wenye Presha

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Mtaa.

Daktari, mwanangu kwa umri na mkubwa wangu kwa cheo,

Naomba ukae kitako ndipo uisome barua hii, maana si fupi na sitaki uisome ukiwa unatembea. Mimi ni yule fundi wa kuchomea vyuma mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Geti la kliniki yako ni kazi ya mikono yangu. Nikuulize kwa heshima zote, umewahi kuliona lina kutu? Hujaliona. Basi ninapozungumza habari za kutu naomba nisikilizwe. Anayeandika ni mke wangu, kwa kuwa mwandiko wangu hata mimi mwenyewe huwa unanishinda kuusoma. Mimi nasema, yeye anaandika.

Miezi saba iliyopita ulinifunga kile kitambaa mkononi, ukakijaza hewa, ukaniambia nina presha, tena ya juu, na kwamba nitameza vidonge vyenu vyeupe kila siku ya Mungu. Sikufichi, niliogopa. Kaka yangu mkubwa aliambiwa maneno hayo hayo hapo hapo kwenu, akavidharau vidonge, na mwaka haukuisha akaanguka akiwa anafunga kamba za viatu. Nilirudi karakana nikakaa kwenye benchi, hata mashine sikuweza kuiwasha.

Hapo ndipo alipotokea Profesa. Tunamwita hivyo kwa sababu ya miwani. Zamani alikuwa akiuza magodoro. Akanionyesha kopo lenye picha ya jani, akasema ndani yake mna antioksidanti za mimea: mbegu za zabibu, chai ya kijani, manjano na mlonge. Nikamuuliza zinafanya kazi gani. Akasema hewa tunayovuta inaula mwili kama inavyokula chuma, mwili unaingia kutu kwa ndani, na hizi ndizo zinazoizuia. Daktari, hebu fikiria. Miaka thelathini na moja napigana na kutu kwa msasa na brashi ya waya, kumbe adui mwenyewe yumo tumboni mwangu! Kwa mara ya kwanza niliuelewa ugonjwa wangu. Wewe uliniambia habari za mishipa na chumvi, sikuambulia kitu.

Tangu siku hiyo nameza kapsuli mbili, moja asubuhi na moja jioni, na mke wangu ndiye anayenipa kwa mkono wake ili nisisahau. Vidonge vyenu vyeupe nilimkabidhi avitupe. Wiki iliyopita ukanipima tena, ukakuta presha imeshuka vizuri kabisa, ukatabasamu na kusema dawa zako zinafanya kazi. Hapo, mwanangu, ndipo uliponitibua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kujichukulia sifa za mwenzako. Mimi nikichomea geti, haji mtu wa rangi akaandika jina lake juu. Presha imeshushwa na zabibu, sifa umebeba wewe, tena umeziandika kwenye faili kwa kalamu ya bluu. Nataka mstari huo ufutwe, iandikwe zabibu.

2. Nesi wa chumba cha vipimo, yule mrefu anayecheka kwa mabega. Nilimwomba kistaarabu anipime kutu. Akauliza kutu gani. Nikamwambia ya mwili. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mtu wa maabara, nikarudia maelezo mara tatu, na mara zote tatu mabega yalicheza. Kliniki nzima, yenye mizani, darubini na friji mbili, haina kipimo cha kutu, halafu kichekesho niwe mimi!

3. Uliniambia antioksidanti hizo zimejaa kwenye mboga na matunda ya kawaida, kwamba nikila mchicha, nyanya na mapapai nitazipata tele bila kopo, na kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kapsuli za Profesa zinashusha presha ya mtu. Jamani! Mchicha naula tangu sijaota meno. Ungekuwa unazuia kutu, mke wangu asingekuwa analalamikia magoti kila akiinuka. (Anasema hili haliandiki. Liandike, mama watoto.) Isitoshe, mchicha hauna maelekezo. Kopo limeandikwa mara mbili kwa siku baada ya chakula. Fungu la mchicha limeandikwa nini?

4. Kupuuza utafiti wangu. Ili kukata mzizi wa fitina nilichukua misumari miwili mipya. Mmoja nikautia kwenye glasi ya maji matupu, wa pili kwenye glasi ya maji yenye unga wa kapsuli tatu kutoka kopo jipya. Siku ya nne nikakuletea glasi zote mbili mezani kwako. Wewe ukaona msumari wa kapsuli ndio uliopata kutu zaidi, ukainua nyusi, ukamwita mgonjwa anayefuata. Hukunipa hata nafasi ya kueleza. Daktari, ile kutu dawa imeivuta kutoka ndani ya msumari ikaileta nje ionekane! Msumari wa maji matupu umeificha moyoni, na huo ndio wa kuogopwa. Mtu aliyezeekea kwenye chuma analiona hili mara moja. Mtu wa vitabu anatazama juu juu. Na glasi zangu hamjarudisha.

5. Kuniaibisha mbele ya wakwe. Nilijitolea, bila kuombwa na mtu, kukaa mlangoni kwenu Jumatatu na Alhamisi nikimkagua kila mgonjwa kabla hajaingia kwako. Kazi yenyewe ni rahisi: unagonga goti na kiwiko kwa nyundo ndogo, unasikiliza mlio. Chuma kizima kina mlio wake, na kilicholiwa kina wake. Nilikuwa nimeshamaliza watu wanne, na wawili kati yao walinishukuru, ndipo mlinzi akanishika kwapa na kunitoa nje kama mwizi wa kuku. Baba mkwe na mama mkwe walikuwa kwenye foleni ya macho. Wanaona vibaya, lakini hilo waliliona.

6. Picha za ukutani. Ipo ya moyo, ya mapafu, ya figo na ya mtoto ananawa mikono. Ya kutu hakuna.

Kwa hiyo, baada ya kupiga moyo konde, naleta maombi yangu. Vidonge vyeupe vifungiwe kabatini mpaka kila kimoja kichorwe jani, mtu ajue anameza nini. Wanaotumia kapsuli wasipange foleni, kwa kuwa wao si wagonjwa, wanapita kusalimia tu. Wewe mwenyewe uje karakana wiki mbili ujifunze kutu kwa vitendo. Ovaroli nitakupa, na nitakuanzisha na kazi nyepesi za madirisha. Ukihitimu, kliniki ibadilishwe jina iitwe Karakana ya Miili, na kibao nitakichomea mimi.

La mwisho ndilo kubwa. Naomba jina langu lifutwe kwenye orodha ya wenye presha, na kadi yangu ichanwe mbele ya macho yangu, Jumatatu saa nne asubuhi. Nitafika nimevaa shati la kola. Siku ile mliponiandikisha nilichungulia daftari lenu, na jina la kaka yangu bado limo, mistari michache juu ya langu, limepigwa mstari mwekundu. Sikulala vizuri kwa wiki nzima. Daktari, sitaki kukaa kwenye ukurasa ule. Mimi nimepona, na aliyepona aachiwe aende zake.

Nisalimie mtu wa maabara, wahudumu wa dirisha la dawa, mama wa usafi ambaye ni muungwana sana, na mlinzi, ambaye nimemsamehe ila asirudie. Nesi wa mabega naye msalimie, lakini kwa ufupi.

Ni mimi, mzima kuliko faili lenu linavyosema,

Fundi wa geti lenu.

N.B. Daktari, mimi ni mkewe. Ametoka kufuata bahasha dukani, kwa hiyo naandika haraka, na barua nitaikunja kabla hajarudi. Tafadhali sana, kadi msiichane. Kila mwisho wa mwezi naitoa kwenye mfuko wa koti lake, nakuja dirisha la dawa, wananipa vidonge, nairudisha kabla hajavaa. Nyumbani nafungua kapsuli ya asubuhi, unga wa majani naumwaga, natia kidonge chenu cheupe ndani, naifunga. Nimefanya hivyo tangu wiki ya kwanza. Anaimeza mbele yangu, anashushia na maji, anaisifia zabibu, nami naitikia. Nikimwambia ukweli atasusa vyote viwili, namjua. Sijui kama ni dhambi. Ninachojua ni kwamba nilikuwepo shemeji alipoanguka, na zile kamba za viatu nilizimalizia kufunga mimi. Hiyo Jumatatu mkubalieni kila kitu, hata hilo jina la karakana, ovaroli uvae, mchanieni karatasi yoyote nyingine asiyoweza kuisoma. Kadi yenyewe nitakuja nayo mimi Ijumaa. Vimebaki vidonge vitatu.