Kioo Kirefu cha Kwenda Kolo

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Nimeapa leo wakati wa kunyoa ndevu. Kolo sifiki tena na uso wa udongo. Mara mbili nimekwenda kumsalimu Evodia, mwalimu wa shule ya msingi kule, na mara zote mbili nimepokewa kwa neno “karibu” na beseni la maji ya kunawa uso. Mara ya pili baba yake, Mzee Damas, alinikuta uani akadhani mimi ndiye fundi wa kufyatua matofali. Akaniuliza mbona nimechelewa.

Na sasa nimesikia habari mbaya pale masijala. Fredy wa idara ya Mipango naye anaandika barua ya posa, nyumba hiyohiyo, binti huyohuyo. Fredy! Mtu wa kipikipiki cha ofisi na miwani ya kuchomelea vyuma.

Mimi nina pikipiki kubwa ya safari ndefu, niliyouziwa na Mjerumani wa mradi wa maji alipokuwa anarudi kwao. Jitu la pikipiki. Watu husimama kuitazama hata ikiwa imezimwa. Kasoro yake ni moja: mbele iko wazi, na upepo wa Dodoma mwezi huu unaingia puani na vumbi lake bila hodi.

Dawa nimeipata. Kioo cha kukinga upepo.

Jumanne, 3 Agosti

Duka la spea la Mzee Gulamrasul. Siku hizi mtu unaingia dukani unakuta vitu! Zamani tuliingia kumjulia hali mwenye duka tu, tukatoka. Leo ukutani vimening'inia vioo vitatu vya pikipiki, kifupi cheusi, cha kati na kirefu. Nimesimama mbele ya vioo hivyo mpaka mlinzi akaniletea kigoda.

Dilnaz, binti wa Mzee, ndiye mjuzi. Amenieleza kwamba mtu hatazami kupitia kioo, anatazama juu yake, hivyo ukingo wake wa juu unatakiwa ufike usawa wa pua ukiwa umekaa kama unavyokaa siku zote. Nimemvulia kofia. Wizarani kwetu hakuna mtu anayeeleza jambo likaeleweka namna ile.

Halafu akaniuliza nyuma atakaa nani. Nikamkumbusha kwa upole kwamba ninanunua kioo cha mbele.

Jumatano, 4 Agosti

Ruhusa ya ugonjwa. Mzee Gulamrasul ameniruhusu kuvijaribu vyote vitatu njia ya Hombolo, saa yangu ya mkononi ikibaki kaunta. Fundi Msafiri wa Kizota amekuwa akifunga na kufungua bila kununa. Nilikwenda peke yangu ili nisisumbuliwe na maoni ya watu.

Kifupi: sura nzuri mno, kazi hakuna. Nilimeza nzi karibu na mashamba ya mizabibu.

Cha kati: kifua kilipona, lakini upepo ulinipiga kwenye paji la uso, kichwa kikawa kinatikisika. Wakulima wa njiani walidhani ninawakubalia jambo.

Kirefu: kimya. Kimya kabisa! Niliimba wimbo wa kwaya, nikajisikia, na sauti yangu si mbaya. Nilinusa mafuta yangu ya nywele. Pale Hombolo nilipitisha leso nyeupe usoni, ikabaki nyeupe. Nimeibandika humu ndani ya shajara iwe ushahidi. Karibu nilie, na sioni aibu kuandika hivyo.

Ijumaa, 6 Agosti

Kioo kirefu kimefungwa. Msafiri ametengeneza vishikizo kwa chuma cha kitanda kibovu, akaweka vipande vya mpira wa ndani wa tairi ili kisitetemeke. Mikono ya mtu yule!

Fredy alipita, akakigonga kwa ukucha, akasema kinafanana na dirisha la posta. Wivu. Kisha akaniambia kwamba mshenga wake alikwenda Kolo jana kwa basi, amevaa vizuri na kunukia, na amejibiwa kuwa familia inafikiri. Sikula chakula cha mchana. Yaani, nilikula nusu.

Jioni nilikwenda kumpa shikamoo Mzee Yotham, karani mstaafu wa mahakama na rafiki wa marehemu baba. Ndiye mshenga wangu. Kwa desturi mposaji haingii ndani, wala hasemi. Mshenga ndiye anayepeleka barua na kuonekana. Mzee aliuliza kama si afadhali apande basi. Nikamweleza habari za kioo kwa muda wa saa nzima. Amekubali. Atavaa suti ya krimu aliyoagwa nayo kazini.

Jumamosi, 7 Agosti

Tumefika Kolo. Kwanza nikisifu kioo. Njia nzima, kupita Kondoa, vumbi lilikuja kama ukuta, likakipiga kioo, likapanda, likapita juu ya kichwa changu. Nililiona likipita. Sikujiuliza linakwenda wapi.

Mzee Yotham alikuwa kimya huko nyuma. Nilidhani anaomba.

Aliposhuka sikumtambua. Suti ya krimu ilikuwa nyekundu. Nyusi nyekundu, masikio mekundu, miwani kama vifuniko viwili vya udongo. Mimi kola yangu ilikuwa inang'aa. Nilimwomba msamaha, nikataka kumpangusa kwa leso, akaniambia niache, leso haitatosha. Akapapasa ndani ya koti. Barua ilikuwa salama. Akaenda kwa Mzee Damas hivyohivyo, amenyooka kama askari.

Nikabaki kwenye kibanda cha chai cha Mama Joha, msafi, bila mtu wa kunitazama. Mama Joha aliniuliza kama nimetoka serikalini kukagua michoro ya miambani. Saa tatu nzima! Vikombe sita. Niliona wazi kwamba nimempoteza Evodia kwa vumbi, na safari hii halikuwa hata usoni kwangu. Moyo uliniuma kweli.

Kisha Mzee Yotham akarudi, amenawa, amevaa shati la Mzee Damas. Posa imepokelewa.

Anasema alimwagiwa maji mabeseni matatu. Mzee Damas alimpa shati lake, akasema mshenga wa juzi alikuja akinukia na hakukisahau kiatu chake hata dakika moja. Lakini mzee mzima akila vumbi lote lile kwa ajili ya kijana wa mwenzake, asilalamike, basi kijana huyo ana watu. Hakuuliza zaidi.

Evodia naye ametuma salamu. Anasema siku nyingine mzee akae mbele. Sijaelewa. Pikipiki haina viti viwili mbele.

Mzee Yotham amerudi kwa basi. Kaniaga vizuri tu. Namheshimu mtu yule kuliko mkurugenzi wangu.

Jumatatu, 16 Agosti

Harusi ni Oktoba, kanisani Kondoa. Baada ya misa nitamleta Evodia mpaka Dodoma mimi mwenyewe, kwa pikipiki, na shela lake jeupe likipepea nyuma. Fredy atakuwepo kwenye mapokezi. Mpiga picha pia.

Nimekwenda kwa Mzee Gulamrasul. Nimemwambia wazi kwamba kioo ndicho kilichonipatia mke, na kama kirefu kimeweza hivyo, kuna kirefu zaidi? Kipo, cha kuagiza. Nimeagiza.

Dilnaz aliniuliza tena, taratibu, nyuma atakaa nani. Nikamjibu kwa fahari: bibi harusi.

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza gauni litakuwa la rangi gani.

Jeupe, nikamwambia, lakini gauni halihusiani na kioo. Kioo ni kwa ajili ya uso wangu.