Mwanza Bila Kupita kwa Gidioni

Jumanne, 8 Julai. Kibimba.

Mpango umekamilika. Kesho mimi na Generoza tunakwenda Mwanza. Hatuendi kuuguza, hatuendi harusini, hatuna kesi. Tunakwenda kula samaki na kutembea, basi.

Generoza amefundisha shule ya msingi mpaka amestaafu. Nilimwahidi tangu Diane wetu yuko mgongoni: siku utakayoweka chaki chini, nitakulaza kwenye kitanda ambacho hukukitandika na kukulisha chakula ambacho hukukipika. Mimi Celestini, afisa kilimo mstaafu, nikiahidi nimeahidi.

Kikwazo ni Gidioni. Gidioni ni mume wa Theodosia, na Theodosia ni mdogo wake Generoza. Tumeoa nyumba moja. Wanakaa Buswelu, Mwanza. Kwetu, mtu mwenye ndugu mjini akilala hotelini, ni matusi. Lakini ukilala kwa ndugu, Generoza anaingia jikoni kumenya ndizi na mdogo wake, na mimi napewa kochi la sebuleni. Halafu Gidioni anatangaza. Kwenye harusi ya Diane alishika kipaza sauti akawaambia wageni kwamba kochi lake linanijua kuliko mke wangu anavyonijua. Watu walicheka wakamwagikiwa na soda. Kochi lile halinipati tena.

Kwa hiyo majirani wote nimewaambia tunakwenda kumtembelea Theodosia. Theodosia mwenyewe sijamwambia kitu. Generoza anasema ingekuwa rahisi kumpigia simu mdogo wake na kumweleza ukweli. Nimemwambia ukweli ni wa kutumia pale njia nyingine zote zimeshindikana. Akanitazama, akaendelea kupiga pasi.

Kasoro moja. Mama mkwe, Bibi Yuster, amefika na kiroba cha maharage mapya. Ya Theodosia, kwa kuwa tunakwenda kwake. Mama mkwe hakataliwi. Mimi hata kumtazama usoni siwezi. Nikapokea kwa mikono miwili. Akasema kesho kutwa atampigia Theodosia aulize kama yamefika. Nikawahi kusema simu ya Theodosia imeibiwa. Bibi akaanza kulia kwa ajili ya simu. Generoza akatoka nje.

Jumatano, 9 Julai. Mwanza.

Tumefika. Si kwa heshima niliyoipanga.

Basi lilijaa tangu Ngara. Konda alisema kwenye buti hakuna nafasi hata ya kuku, kwa hiyo maharage yalikaa miguuni kwangu. Mpaka Biharamulo magoti yalikuwa yamefika kidevuni. Generoza alinunua karanga za kuchemsha na kunimenyea, akanilisha kama mgonjwa.

Kitu alichokuwa akikisubiri kuliko vyote ni daraja jipya la Busisi. Zamani tulivuka kwa kivuko, yeye akiwa amefumba macho. Safari hii alikaa dirishani, kitambaa kipya kichwani. Tulipokaribia, abiria wakasimama na simu zao kupiga picha, mmoja akakanyaga kiroba, kikapasuka. Maharage yakatawanyika basi zima. Sikuweza kuyaacha. Ni ya mama mkwe. Kwa hiyo Ziwa Victoria nimelivuka nikiwa nimepiga magoti, kichwa chini ya kiti cha mtu. Generoza anasema daraja ni zuri sana na maji yalikuwa yanang'aa pande zote mbili. Nimekubali.

Hoteli ina lifti. Dada wa mapokezi alitusalimia shikamoo, kisha akatazama kiroba kilichofungwa kwa khanga ya Generoza. Akasema kwa adabu kwamba nafaka haziruhusiwi vyumbani, zinaleta wadudu. Nikamwambia hizo si nafaka, ni sampuli za utafiti, na mimi ni mtaalamu wa kilimo. Hapo nilidhani nimeshinda. Akamwita meneja. Meneja akafurahi mno kumpata mtaalamu, akanipeleka uani kutazama milimau yake iliyonyauka. Nikakaa kwenye milimau mpaka suruali ikachafuka. Kumbe milimau inamwagiliwa maji ya sabuni. Maharage yakabaki mapokezi vilevile.

Nilipopanda chumbani Generoza alikuwa amelala chali katikati ya kitanda, mikono ameitandaza, viatu vimepangwa chini. Akasema shuka zimenyooshwa na mtu mwingine. Alisema hivyo mara mbili. Nikakaa pembeni nisizikunje.

Alhamisi, 10 Julai. Mwanza.

Asubuhi supu, chapati, mayai, matunda yaliyokatwa tayari. Generoza alimaliza kula akaanza kukusanya vyombo. Mhudumu akamwambia aache. Akaacha, lakini mikono ilimhangaisha, akaikalia.

Hapo mama mkwe akapiga simu. Nikaiwahi mimi. Nikasema tumefika salama, Theodosia yupo kanisani. Mama mkwe akasema basi, kwa kuwa simu ya mwanawe imeibiwa, jioni atampigia Gidioni.

Gidioni sikumkumbuka. Mtu huwezi kuiba simu zote za nyumba moja.

Nikatengeneza mpango mwingine papo hapo, na nauandika kwa kuwa ulikuwa mzuri. Maharage yafike Buswelu bila sisi. Nikamtafuta bodaboda nje ya hoteli, kijana mtaratibu, akaniamkia vizuri. Nikamfundisha la kusema: mzigo umetoka Ngara kwa basi, umetumwa na Bibi Yuster, yeye ameuchukua stendi. Akarudia maneno yote bila kukosea. Generoza akasema bado hatujachelewa kumpigia mdogo wake. Nikamwambia avae viatu vya kutembelea.

Tukaenda kisiwa cha Saanane kwa boti. Tumeona swala, pundamilia, na simba aliyelala kama ana likizo. Juu ya mawe pimbi walikuwa wanaota jua, wanene, hawana habari na mtu. Generoza aliwatazama muda mrefu. Alisema anataka kurudi duniani akiwa pimbi. Baadaye tukapita kwenye lile jiwe la Bismarck, limesimama majini juu ya mengine kama lililopangwa na fundi aliyelewa. Nikampiga picha Generoza mbele yake. Nilikata kichwa cha jiwe. Cha Generoza kipo chote, na anacheka.

Sikumbuki ni lini mara ya mwisho alicheka hivyo bila mimi kuwa nimeanguka mahali.

Ijumaa, 11 Julai. Naandika nikiwa Buswelu. Nitaeleza.

Yule bodaboda ni mwaminifu. Hilo ndilo lililotuponza. Alisema maneno yangu yote kama nilivyomfundisha. Kisha Theodosia akamuuliza mzigo kaupata stendi ipi, naye akajibu kwamba hakuupata stendi, kapewa hotelini na mzee mwenye kofia aliyekuwa na mama mmoja mpole. Hata akaja kuwaelekeza.

Mchana tulikuwa tumekaa barazani, meza inayotazama ziwa. Mbele ya Generoza palikuwa na sato mzima wa kukaanga, kachumbari na ugali. Nikamwona Gidioni anapanda ngazi, Theodosia nyuma yake. Nikamwambia Generoza kwa sauti ya chini kwamba jikoni kuna mlango wa nyuma, niliukagua tangu jana.

"Pita wewe, Baba Diane," akasema. "Mimi nimekuja kula samaki, na sijamgeuza hata upande wa pili."

Nikaenda. Mlangoni nikakutana na mpishi amebeba karai la mafuta ya moto. Nikarudi.

Theodosia hakuwa amesalimia mtu. Alisimama mbele ya meza, macho yamejaa machozi.

"Dada, tumewakosea nini? Mnalala hotelini kama watu wasio na ndugu? Maharage ya mama yananifikia kwa bodaboda kama saruji?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilifungua mdomo kueleza kwamba daktari ameniagiza nilale ghorofani kwa ajili ya hewa. Generoza akaniwekea mkono gotini, nikanyamaza.

"Hujanikosea," alimwambia mdogo wake. "Ila nikija kwako nitamenya ndizi. Nimemenya ndizi tangu nikiwa mtoto, Theodosia, unajua. Nilitaka mara moja tu mtu mwingine apike, nile, niache sahani mezani niondoke."

Gidioni akavua kofia. Nilidhani Theodosia atageuka aende zake, na undugu utakuwa umekwishia pale, mimi nikiwa shahidi na mshitakiwa.

Akavuta kiti, akakaa.

"Na mimi je?" akasema. "Mkija kwangu ninyi mnakula. Mimi nani ananipikia?"

Generoza alimtazama kama anayemwona baada ya miaka. Kisha akamgeuza yule sato, akasogeza sahani katikati. Wakala pamoja kwa mkono. Theodosia alikuwa analia na kutoa miiba kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kuliko ninavyopenda. Theodosia akauliza vyumba vikoje. Generoza akamsimulia shuka. Wakakubaliana Theodosia abaki hotelini na dada yake mpaka Jumapili. Kitanda ni kimoja. Nikauliza mimi nitalala wapi. Wote watatu wakanigeukia.

"Kochi lipo, shemeji," akasema Gidioni.

Sijashindwa. Nimehamisha kituo tu.

Jumamosi, 12 Julai. Buswelu.

Kochi limekuwa fupi zaidi.

Leo Gidioni na mimi tumepika maharage. Nilimwambia mbegu hii naifahamu, nimeisambaza wilaya nzima ya Ngara, inaiva kabla hujapata muda wa kukata kitunguu. Tukawasha mkaa asubuhi. Mchana maharage yalikuwa yanagonga sufuria kama kokoto. Gidioni akauliza kama ni mbegu ileile. Nikamwambia tatizo ni maji ya Mwanza.

Ikafika wakati wa chumvi. Gidioni akafungua kabati moja, akafungua la pili, akatazama chini ya meza. Hakuipata. Nilimcheka sana. Mwanamume mzima hajui chumvi ya nyumbani kwake inakaa wapi. Akaniuliza ya kwangu inakaa wapi. Nikamwambia jikoni.

Mkaa ukaisha. Tukala mkate na soda tukiwa tumekaa kwenye kochi, sufuria mbele yetu. Gidioni alisema tangu astaafu siku zimekuwa ndefu, Theodosia ana kwaya na vikundi vyake, yeye anabaki na ukuta. Akasema zamani nilipokuwa nakuja kwa semina na kulala hapa alikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na kwamba lile neno la harusini alilisema kwa kuwa amezikumbuka siku zile. Kisha akanigeukia.

Nikamwambia anunue redio.

Wanawake wamepiga simu. Wamekula sangara, wamekwenda Kirumba sokoni, wamepanda lifti juu na chini bila sababu. Nyuma ya sauti ya Generoza nilimsikia Theodosia akicheka. Nikauliza kama ananikumbuka. Generoza akauliza nani.

Jumanne, 15 Julai. Kibimba.

Tumerudi jana. Daraja nimelivuka nimelala. Generoza hakuniamsha, anasema nilikuwa nimechoka na nilikuwa nakoroma vizuri.

Anaimba akifagia. Yeye na Theodosia wameshapanga kwenda tena mwakani, na mama mkwe amesikia, naye anataka kuiona hiyo lifti. Mama mkwe amenisamehe habari ya simu kwa sharti kwamba nisimsemeshe mpaka Agosti. Kwa kuwa ni mkwe wangu, tofauti haionekani.

Generoza ameniuliza kama nimeona sasa. Anasema siku zote nilizopoteza kupanga, kukimbia na kukusanya maharage, ukweli ulichukua muda wa kula samaki mmoja. Nimemweleza kwamba anakosea kitaalamu. Ardhi hulimwa kwanza ndipo mbegu ipandwe. Ukweli wake uliota kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshautifulia udongo. Akarudi kufagia.

Sasa hivi Gidioni amepiga simu. Anasema alifurahi sana nilivyokaa kwake, na mwezi ujao anakuja Kibimba, wiki nzima, twende tukaone maporomoko ya Rusumo, mimi na yeye. Wiki nzima. Generoza alikuwa ananionyesha kwa ishara niseme karibu, au kama sitaki, niseme sitaki.

Nimemwambia Gidioni kwamba mwezi ujao haitawezekana, nitakuwa msibani Nyabusozi, kule Biharamulo.

Akasikitika kweli. Akasema pole sana, shemeji, amefariki lini. Nikamwambia tarehe ishirini Agosti. Kabla hajauliza zaidi, nikakata simu nikisingizia mtandao.

Generoza amekaa chini na ufagio wake. Anauliza ni nani huyo atakayekufa. Nimemwambia asinivuruge. Tarehe tayari ninayo, kilichobaki ni jina.